Chakula cha Siku Tatu

Kila asubuhi, saa tatu kasorobo, jua la Kibokoni, Mombasa, hupata mwanya. Hupita kati ya ghorofa mbili zilizokaribiana hata majirani hupeana chumvi kwa dirisha, likaingia kwa ufa wa ubao wa dirisha uliopasuka, likajilaza sakafuni chumbani kwa Huzaifa, upana wa kanga iliyokunjwa. Na ndani ya mwanga huo, vumbi. Vumbi la chokaa ya kuta kuukuu, vumbi la sufi ya godoro, vumbi la nyayo za wapitao. Lilipanda, lilishuka, lilizunguka, lilicheza bila ngoma. Hakuna aliyeliamuru.

Huzaifa alikuwa akilitazama. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kumi na miwili katika hiyo aliimaliza akiwa ameketi. Miguu ilimwacha kwanza, kisha kiuno, kisha mabega. Vidole ndivyo vilivyobaki, na kwa vidole hivyo akawa anashona kofia za mkono, tundu kwa tundu, uzi kwa uzi, kofia ambazo watu wenye miguu walizivaa kwenda msikitini Ijumaa.

"Mahira," alikuwa akimwambia dadake anapomletea chai, "lione vumbi. Lina miguu kunishinda."

Mahira alikuwa akicheka. Angefanyaje? Asipocheka angelia, na chai ingepoa.

Vumbi lina miguu. Likawa neno lao wawili. Akitoka kwenda kazini, Huzaifa humwambia: nenda na vumbi. Akirudi, humwuliza: vumbi limekuleta? Mama yao alisikia akiwa jikoni, na hakucheka hata siku moja.

Sikiza basi, wewe unayesimama ukitaka na kuketi ukitaka. Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Huja mtoto wa miaka minne anapopanda ngazi kwa kushika ukuta. Huja anapoinuka mkekani kwa kuyaparamia mapaja yake mwenyewe kwa mikono, kama apandaye mnazi. Huja shavu la mguu linaponenepa, na mashangazi wakasifu: mashallah, mtoto ana siha! Siha gani? Ule ulikuwa mwanzo wa mwisho, na watu wakawa wanaushangilia.

Kibokoni haikosi tabibu. Baraza ya kwanza ilisema ni jicho. Baraza ya pili ilisema ni jini aliyekanyagwa. Ya tatu ikasema mtoto mvivu tu huyu, na dawa ya uvivu yajulikana. Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa baraza hauna hata haya.

Daktari ndiye aliyesema kweli, na kweli ikawa chungu kuliko jini. Alisema nyama ya mwili imeshonwa, na katika nyama ya Huzaifa uzi mmoja haukutiwa. Kila atembeapo, mshono unafumuka. Alisema ni ugonjwa wa kurithi. Hupita kwa mama, alisema, ukamkuta mwana wa kiume. Alisema na mengine mengi, kwa upole, lakini Mwanaesha, mama yao, alisikia neno moja tu: mama.

Tangu siku hiyo Mwanaesha hakula tena pamoja na wanawe. Alikuwa akiwapakulia, akawasogezea maji ya kunawa, akarudi jikoni, akala amesimama. Miaka kumi na sita alikula amesimama. Ukimwuliza, husema hana njaa ya kukaa.

Mahira siku hiyo alikuwa na miaka kumi na mitatu, ameegemea mlango wa daktari, masikio wazi. Wenzake walikua na mapambo. Yeye alikua na hasira. Akasoma kwa hasira, akafaulu kwa hasira, na hasira ile ikamfikisha maabara, chumba cha chini nyuma ya hospitali, humo humo kisiwani, chenye mashine zinazonguruma mchana kutwa.

Huko ndiko wagonjwa wa misuli walikokatwa kipande cha nyama, kadiri ya punje ya mchele. Kipande kikatenganishwa, seli zake zikalazwa katika sahani ya plastiki yenye mfuniko, zikalishwa, zikaota. Lengo lilikuwa moja: dawa ijaribiwe juu ya sahani kabla ya kujaribiwa juu ya mtu. Na kwa kuwa kosa la kila ukoo ni la namna yake, sahani ya mwana wa watu haiwezi kusimama mahali pa sahani ya mwana wako.

Miaka miwili iliyopita Huzaifa alilitoa paja lake. "Litwaeni," alisema, "lenyewe halinifai kwa lolote." Walipokwisha kumfunga kidonda, alimshika dadake kwa vidole viwili, maana mkono mzima ulikuwa haushiki.

"Dada, mimi n'mekaa vya kutosha. Hicho kipande kisikae. Nataka kitembee. Hata n'kenda mimi, wewe usikizime. Niapia."

Mahira akaapa. Wallahi, akasema, mara tatu.

Ukitaka kujua mapenzi, usiwaulize watunzi wa taarabu. Muulize mlisha seli. Seli hula kila baada ya siku mbili. Chakula chao ni maji ya rangi ya waridi. Hulala katika kabati la joto, joto la mwili, joto la kwapa la mama. Ukichelewa, hufa, na hazikuiti. Seli hazijui Idi. Seli hazijui Jumapili. Seli hazijui kwamba mvua imefunga njia. Siku ya Idi Mahira alikwenda na hina mikononi, akavaa glavu juu ya hina, akazilisha, ndipo akarudi kula pilau ya watu.

"Mahira," Kyalo akamtania siku hiyo, "hata mtoto wa kuzaa hanyonyeshwi hivi." Kyalo ni mwenzake wa kazi, mwana wa Kitui, mtu wa mikono safi na maneno machache. Hakujua alipogusa.

Kwani Mahira naye alikuwa amepimwa. Karatasi yake ilirudi na jibu lile lile ambalo mama yake aliliishi: amebeba ugonjwa. Zein, kijana wa watu aliyekwisha kuleta posa, akaambiwa hapana, bila sababu, akaenda zake akidhani amedharauliwa. Mahira akaikunja karatasi mara nne na kuitia chini ya sanduku la nguo. Mtoto wa pekee ambaye angethubutu kumlea alikuwa yule wa sahanini.

Na mtoto huyo alikuwa na akiba. Mbegu ya seli zake ilikuwa imelazwa kwenye pipa la baridi, baridi ambayo Mombasa haijapata kuiota, ambamo seli husinzia miaka na miaka bila kufa. Pipa hilo hunyweshwa naitrojeni iliyogeuzwa maji, nayo huja kwa lori. Mwezi wa nyuma lori likakwama Shimanzi siku tano, limebanwa kati ya makontena, mbele halisogei, nyuma halirudi, dereva akila mahamri usukani na kumwomba Mungu. Pipa likakauka. Walipolifungua, vyote vilivyokuwa vimelala vilikuwa vimekufa.

Zikabaki sahani mbili, zile zilizokuwa macho kabatini wakati huo. Moja ya mbegu, ambamo seli bado zilikuwa zikizaana. Zikishajaa, Mahira angezigawa, angezilaza upya, angeanza tena. Moja ya nyuzi, ambamo seli zilikuwa zimeshikana zikawa misuli, misuli isiyoonekana kwa jicho, kamili, na kimya. Juu ya kila mfuniko, kwa kalamu nyeusi, jina la Huzaifa. Katika dunia nzima, akiba yote ilikuwa hiyo.

Ikaja Ijumaa.

Jua lilikuwa halijapata mwanya wake. Pumzi nayo ni kazi ya misuli, ewe ambaye hujapata kuifikiria pumzi yako. Na misuli ya kifua cha Huzaifa ilikuwa imefumuka kimya kimya, mshono kwa mshono. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine, hakuitoa. Kofia iliyofika nusu ikabaki kifuani, sindano ingali imechomekwa. Saa tatu kasorobo mwanga ukaingia kama desturi, ukamkuta amefunikwa.

Watu wakajaa. Udi ukafukizwa, kafuri ikaletwa, Mjomba Taib, nduguye Mwanaesha, akakunja mikono ya kanzu kwenda kuosha. Na Mwanaesha, ambaye tangu alfajiri hakudondosha chozi, akamvuta Mahira jikoni, mahali pake pa kusimama.

"Nduguyo hakutimia," akasema.

"Mamangu?"

"Kitovu chake n'lizika. Nywele zake n'lizika. Kucha zake, kila Alhamisi, n'lizikusanya nikazizika. Kila kilichomtoka mwanangu kimerudi mtangani, ila ile nyama iliyoko kwenu kazini. Katwae, mwanangu. Nataka ende yote."

"Mama, ile si nyama tena, ile..."

"Ni yake au si yake?"

Mahira akainama. "Ni yake."

"Basi katwae. Ugonjwa mimi ndiye n'liyempa. Nisimpunje na kaburini."

Mwana gani angemjibu mamake maneno hayo, na maiti iko chumba cha pili, na maji ya kuoshea yasikika yakimiminwa? Mahira akavaa buibui lake, akatoka.

Nimpe haki yake: alikwenda kwa nia ya kutii. Ndani ya tuktuk alikuwa akijiambia, kiapo cha aliyekufa na ombi la aliye hai, kipi kizito? Akajijibu: aliye hai ndiye anayelia. Akafika amekwisha kukata shauri. Chumba kilikuwa kitupu. Kyalo alikuwa amekwenda Mwembe Tayari kupokea sanduku la sampuli lililokuja kwa basi kutoka Nairobi. Mahira akaitoa sahani ya nyuzi kabatini, akaitia chini ya hadubini. Alitaka kuaga tu.

Akainamisha jicho.

Uzi mmoja ukajikunja. Ukajikunjua. Wa jirani yake ukafuata, na wa jirani ya jirani, kisha zote zikatulia kana kwamba zimeogopa kuonekana, kisha zikaanza tena. Jana zilikuwa kimya. Leo zinajikunja, zinajikunjua, zinavutana, zinaachana. Hakuna aliyeziamuru.

Misuli ikikomaa sahanini huweza kufanya hivyo, yenyewe. Mahira alilijua hilo. Alikuwa amelisoma, amewafundisha wengine. Lakini kujua ni kujua, na kuona ni kuona. Kibokoni watu walikuwa wakiuinua mkono wa Huzaifa, wakiuosha, wakiuachia, ukianguka. Na hapa paja la Huzaifa lilikuwa likitembea.

"Vumbi lina miguu," akasema kwa sauti, mle chumbani, peke yake. Ndipo akalia, jicho lingali kwenye hadubini, hata kioo kikajaa maji.

Lo, Mahira! Hapo ndipo ulipokosea, na sijui nani, kati yetu sote wenye mdomo, angetenda lililo bora.

Akazilisha. Akayamwaga maji ya zamani ya sahani zote mbili, akazijaza mapya, kiasi cha kuzitosha siku tatu. Maana tanga ni siku tatu, na kabla ya hapo hangekuwa na njia ya kutoka nyumbani. Akazirudisha kabatini, akasukuma mlango kwa kiganja hadi ukajifunga. Kisha akachukua sahani mpya, tupu, ambayo haijapata kulaza seli hata moja. Akaitia maji ya waridi. Akaizungushia pamba, na juu ya pamba kitambaa cheupe, akakifunga fundo.

Mwanaesha alikipokea kifurushi kwa mikono miwili. Akakibusu. Akakinusa, kama wanavyonuswa watoto wachanga utosini.

"Karibu baba," akakiambia. "Karibu nyumbani."

Hapo machozi yake yakafunguka, ya siku ile na ya miaka kumi na sita, yakaanguka juu ya sahani tupu. Mahira alisimama akitazama. Alikuwa na hakika kwamba ardhi itapasuka, na ardhi haikupasuka.

Wakamsalia alasiri. Wanawake wakabaki nyumbani, kama ilivyo ada, na wanaume wakalipokezana jeneza bega kwa bega hadi mavani. Kyalo alikuwamo. Aliliacha sanduku kazini, akaja mbio, na kichwani alivaa kofia ya mkono, tundu kwa tundu, ambayo Huzaifa alimshonea mwaka juzi na kumkabidhi kwa masharti: "Siku ya kunizika usije kichwa wazi, Kyalo, ukaniaibisha mbele za watu." Walicheka sana siku hiyo. Leo kofia ilimkaa sawasawa, na hakujua aiweke wapi mikono yake.

Akaona Mjomba Taib akishuka kaburini. Akaona maiti akilazwa katika mwanandani, shimo la ndani ya kaburi, ubavu wa kulia, uso kibla. Kisha akaona kifurushi cheupe kikipitishwa mkono kwa mkono, kikawekwa pajani.

"Hicho ni nini?" akamnong'oneza mtu wa pembeni.

"Nyama yake. Ile iliyokuwa huko kwenu. Mama'ke alitaka ende nayo yote."

Kyalo akashusha pumzi. Akaona ni jambo jema, na kwamba Mahira ana moyo wa mwamba. Aliloliona kwa macho yake, hakuwa na haja ya kuliuliza.

Siku tatu Mahira aliketi mkekani. Wanawake walikuja, wakakaa, wakasoma, wakaondoka, wakaja wengine. Majirani walipika, sinia baada ya sinia, maana nyumba ya msiba haiwashi jiko. Mwanaesha alilaza kichwa begani kwa bintiye, hakukiondoa.

Seli hazijui tanga. Lakini zimeshiba, Mahira alijiambia, nimeziachia chakula. Mara mbili aliishika simu ampigie Kyalo, ampe neno moja tu: ziangalie. Mara mbili akahisi uzito wa kichwa cha mama begani, akairudisha simu chini ya mto. Na haja gani? Jumamosi na Jumapili hakuna aendaye maabara.

Hakuna aendaye, ila Kyalo.

Na nitalisema, ingawa si la kusemwa: katikati ya kilio kile Mahira alikuwa na furaha. Ndogo, ya wizi, kama kashata iliyofichwa shavuni mwezi wa Ramadhani. Kila walipoitikia dua, yeye aliona uzi ukijikunja, uzi ukijikunjua. Wote humu wanamlilia asiyetembea. Mimi peke yangu ninajua kwamba anatembea.

Jumapili wakasoma hitima. Mikeka ikakunjwa.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Mahira alifungua mlango wa maabara kabla hata ya mfagizi. Akanawa mikono, akavaa glavu, akafungua kabati la joto.

Rafu ilikuwa imepanguswa. Ilinukia spiriti.

Akatazama rafu ya juu. Akatazama ya chini. Akalifunga kabati, akalifungua tena, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Alipogeuka, Kyalo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Pole sana, dadangu. Sikutarajia utakuja mapema hivi."

"Kyalo. Ziko wapi?"

"Nilijua hutaweza," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Nilikuja Jumamosi asubuhi kulipanga lile sanduku, nikaona zimebaki mbili. Nikajua. Nikadhani uliigawa moja zikawa tatu: ile moja uliiweza, hizi zimekushinda. Na mama anaamini zote zimekwenda. Nikasema, Mahira asije Jumatatu akazikuta, ikawa msiba upya."

"Ukazimwagia jiki, ukaziua."

Kyalo akashtuka kweli kweli. "Huzaifa? Nimmwagie Huzaifa jiki, mimi niliyekula kwenu? Hapana! Nilizifunika na mifuniko yake, nikazifunga kwa kitambaa kisafi, nikampelekea Chonga, yule mchimba kaburi. Akazifukia palepale, ubavuni kwake. Nilivaa kofia."

Mashine zilinguruma.

"Ulizitazama?" Mahira akauliza. "Kwa hadubini, kabla ya kuzifunga. Ulizitazama?"

"La. Niliona si adabu."

Amlaumu mtu kwa kumheshimu nduguye? Uongo alioufunga kwa fundo jeupe uliaminiwa na mama, ukaaminiwa na mjomba, ukaaminiwa na kaburi; angetaka usiaminiwe na Kyalo peke yake? Hakuna aliyekosa ila yeye. Alimtazama Kyalo usoni, mtu mwema, macho mekundu ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

"Ahsante," akasema.

Akavua glavu, akatoka.

Njiani hesabu ikamjia bila kuitwa, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yake. Kukimbilia jembe hakufai. Seli zilizotolewa kabatini tangu Jumamosi, zikafukiwa na udongo, ukungu umekwisha kuzila, hata ukizifukua hakuna cha kuokoa. Zimekufa. Hilo alilijua. Lakini hazikufa papo hapo. Mifuniko ilikuwako. Joto lilikuwako, mchanga wa Mombasa saa sita mchana una joto la mwili, utadhani kabati. Na chakula kilikuwako. Chakula cha siku tatu, kipya, cha kutosha.

Basi Jumamosi ile, chini ya mchanga, misuli ya Huzaifa ilijikunja na kujikunjua. Pengine na usiku wake. Pengine na Jumapili, wakati wao wakiitikia amina. Ilitembea gizani, kama alivyoomba mwenyewe, kama alivyoapiwa, na mahali pa kwenda hapakuwako. Waliokufa huzikwa na sanda. Yeye, nduguye alimzikisha na chakula.

Akafika nyumbani. Mlango wa chumba cha Huzaifa ulikuwa wazi, na Mwanaesha alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu imekunjwa, sinia mbele yake: mbaazi, mahamri, birika la chai. Ameketi. Mkono wake ulikuwa ndani ya sahani.

"Ndoo, mwanangu," akasema. "Ndoo tule."

Mahira akasimama kizingitini.

"Jana n'melala," mama akaendelea, akimkatia hamri nusu. "Usingizi hasa, si wa kuibaiba. N'kajisemea, mwanangu yu mtangani, yote, hakikubaki kitu cha kuhangaika duniani. Kweli si kweli?"

Kwa siku tatu Mahira alidhani jibu la swali hilo ni uongo, na alikuwa amejiandaa kuusema maisha yake yote.

"Kweli, mamangu," akasema. "Yuko yote."

Na ilikuwa kweli.

Akaketi. Mama akamsogezea maji ya kunawa, akamngoja anawe, kisha wakala pamoja, mkono wa huyu na mkono wa huyu, kwa mara ya kwanza tangu mlango ule wa daktari. Mwanaesha alitafuna taratibu, kama mtu anayejifunza. Hakuna alichokijua, na hakuna atakachokijua. Mahira alikwisha kulikata shauri hilo, na akaona uzito wake, na akaona kwamba atakuwa nao akiwa mzee.

Saa tatu kasorobo, jua likapata mwanya. Likaingia kwa ufa wa ubao, likajilaza sakafuni, upana wa kanga iliyokunjwa, mahali palipokuwa na miguu ya Huzaifa. Na ndani ya mwanga huo, vumbi. La chokaa, la sufi, na safari hii na la mavani, lililorudi na viatu vya waliomzika. Lilipanda, lilishuka, likajikunja, likajikunjua.

"Nizibia ufa huo, mwanangu," Mwanaesha akasema, "vumbi laingia kwa chai."

Mahira akataka kuinuka. Alikuwa na miguu miwili, mizima, iliyoshonwa vizuri. Akaiambia inuka, na haikuinuka. Akabaki pale pale mkekani, mkono umeshika hamri, akilitazama vumbi likipita mbele yake na kwenda zake.